Sanduku la kufundishia bondi ya ioni: vifaa vinajua zaidi ya kijitabu

Sanduku ninalolihakiki hapa limetengenezwa kwa ajili ya walimu wa kemia na wanafunzi wa sekondari, na kazi yake imeandikwa juu ya kifuniko bila mbwembwe: kuonyesha jinsi bondi ya ioni, yaani mvutano kati ya chembe zenye chaji ya umeme ziitwazo ioni, inavyojengeka na kwa nini kampaundi za ioni zina tabia zinazojulikana nazo. Nimelitumia kwa muhula mzima, mara nyingine mbele ya darasa na mara nyingine peke yangu mezani usiku, na nimefikia mahali ambapo sikupatarajia: nimevipenda vifaa vyake karibu vyote, na nimegombana na kijitabu chake karibu katika kila sura. Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu masanduku ya aina hii hufanana kama mapacha, na kasoro nitakazozitaja msomaji anaweza kuzikuta katika sanduku lolote atakaloletewa.

Ndani mna matufe 27 ya plastiki, 14 ya kijani na 13 ya kijivu, pamoja na vijiti vya kuyaunganisha. Kadi za ioni zenye meno na mapengo. Kipande cha chumvi ya mawe kinachotosha kushikwa kwa vidole viwili. Kifaa cha kupimia upitishaji wa umeme chenye taa ndogo na betri ya volti 9. Na chupa sita zilizotiwa kloridi ya sodiamu, kloridi ya potasiamu, salfeti ya shaba, kaboneti ya kalsiamu, oksidi ya magnesiamu na, kama shahidi wa upande wa pili, sukari. Chupa zimefungwa vizuri na lebo zake hazibanduki kwa maji. Kuhusu ufungaji sina la kuongeza.

Nianze na kijitabu, kwa kuwa ndicho mwanafunzi anachokifungua kwanza. Sura yake ya kwanza inasimulia kisa ambacho wengi wetu tulikisikia shuleni: atomi ya sodiamu ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1, atomi ya klorini ina elektroni 17 zilizopangwa 2, 8, 7, na kwa hiyo sodiamu “inatamani” kuachana na ile elektroni moja ya ganda la nje huku klorini “ikiililia”. Michoro inaonyesha atomi zenye macho na midomo. Moja inatoa, nyingine inapokea, na baada ya makabidhiano zote mbili zinatabasamu kwa kuwa sasa zinafanana na gesi adimu, sodiamu ikiwa na mpangilio wa neoni na klorini ikiwa na mpangilio wa argoni. Kisa hiki kimeenea kwa sababu ni rahisi kukumbukwa, na kinamsaidia mwanafunzi kukisia chaji ya ioni. Tatizo linaanza pale kinapodai kueleza sababu, maana hesabu ya nishati inakikana waziwazi.

Kuing’oa elektroni ya nje kutoka kwenye atomi za sodiamu zilizo katika hali ya gesi kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia idadi kubwa maalumu ya chembe), ilhali atomi za klorini zinapoipokea hurudisha kilojuli 349 tu. Pengo ni kilojuli 147. Yaani atomi moja ya sodiamu na moja ya klorini zikiwekwa mbalimbali angani, makabidhiano yale ya tabasamu hayatatokea yenyewe hata tukingoja hadi kesho kutwa. Tena gharama haziishii hapo, kwa kuwa sodiamu tunayoanza nayo ni metali iliyo katika hali ya ugumu na klorini ni gesi ya atomi mbilimbili zilizoshikana: kuzitawanya atomi za sodiamu kunahitaji kilojuli 107, na kuzitenganisha za klorini kunahitaji kilojuli 122 kwa kila moli ya atomi. Ukijumlisha matumizi yote na kuondoa kile klorini ilichorudisha, unabaki na deni la kilojuli 376, na bado hujapata hata punje moja ya chumvi.

Deni hilo hulipwa na tukio ambalo kijitabu kimelipa aya moja tu, nalo ni ioni kukusanyika. Ioni za chaji chanya na za chaji hasi zinapovutana kutoka mbali na kujipanga kuwa fuwele, yaani mpangilio imara unaojirudia kila upande, hutoa kilojuli 787 kwa moli. Toa deni, na kinachosalia ni kilojuli 411, kiasi kilekile kinachopimwa sodiamu inapoungana na klorini kwa mwako wa manjano. Njia hii ya kuhesabu hatua kwa hatua iliwekwa mwaka 1919 na Max Born na Fritz Haber, kila mmoja kwa upande wake, na haihitaji hisabati inayozidi kujumlisha na kutoa. Mwandishi wa kijitabu angeweza kuiweka katika ukurasa mmoja. Badala yake ametumia kurasa tisa kwa makabidhiano ya elektroni, kana kwamba bondi yenyewe ni ule mkono uliotoa, wakati bondi ni mvutano unaobaki baada ya ioni kuwa zimekwisha kupatikana.

Kuna wanaoweza kusema kwamba ninamdai mwandishi wa wanafunzi mambo ya chuo kikuu. Sikubali, kwa sababu hesabu hiyo hiyo ndiyo inayojibu maswali ambayo wanafunzi huyauliza bila kuchochewa. Kwa nini sodiamu haitoi elektroni mbili? Kwa sababu ya pili inatoka katika ganda la ndani na inagharimu kilojuli 4,562, gharama ambayo fuwele yoyote ya kloridi haiwezi kuirudisha. Kwa nini magnesiamu hutoa mbili? Kwa sababu zote mbili kwa pamoja zinagharimu takribani kilojuli 2,190, na ioni yenye chaji mbili huvuta kwa nguvu kiasi cha kulipa na chenji ikabaki. Oksijeni ndiyo inayoumbua zaidi kisa cha kijitabu: elektroni ya kwanza huipokea kwa kutoa nishati, lakini ya pili hulazimika kusukumwa ndani, kwa kuwa ioni ambayo tayari ina chaji hasi huikataa elektroni nyingine. Ioni ya oksidi inayochorwa katika ukurasa wa 12 ikicheka kwa furaha ni ioni ambayo isingekuwepo kama fuwele haikugharimia kuwepo kwake.

Baada ya kukilaumu kijitabu kiasi hicho, ni haki niseme kwamba matufe 27 ni kifaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitumia katika mada hii. Ukiyaunganisha matatu kwa matatu kwa matatu, na rangi zikipishana kila upande, unapata mchemraba wenye tufe moja la kijivu katikati kabisa. Chukulia kwamba hilo ni ioni ya sodiamu. Majirani wake wa karibu ni sita, yaani matufe ya kijani yaliyo katikati ya nyuso sita za mchemraba, na hao wote wanamvuta. Wanaofuata ni 12, wa kijivu kama yeye, walio katikati ya kingo, na hao wanamsukuma. Wa tatu ni wanane wa kijani walio katika pembe, na hao wanamvuta tena. Moja, sita, kumi na mbili na nane: jumla 27, bila tufe lililobaki. Mpe mwanafunzi rula apime umbali kutoka kitovu hadi kitovu, naye ataona mwenyewe kwamba wanaovuta wa kwanza wako karibu zaidi, wanaosukuma wako mbali kwa mara 1.41 ya umbali huo, na wa kwenye pembe kwa mara 1.73. Kani ya umeme hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, na kwa hiyo ugomvi kati ya kuvuta na kusukuma huishia kwa ushindi wa kuvuta.

Ushindi huo una kipimo. Ioni moja ya sodiamu na moja ya kloridi zikiwa peke yake, na vitovu vyake viko umbali wa nanomita 0.282 kama ilivyo katika fuwele, mvutano wake ungetoa kama kilojuli 493 kwa moli. Ukiendelea kujumlisha majirani wote wa fuwele nzima, wanaovuta na wanaosukuma, jumla hupanda kwa mara 1.7476, ile namba iliyopewa jina la Erwin Madelung aliyeifanyia kazi mwaka 1918, na kufikia kilojuli 861. Kisha sehemu ndogo hukatwa kwa sababu mawingu ya elektroni yakikaribiana mno husukumana. Darasa langu halikuifikia namba hiyo, lakini lilihesabu tabaka tatu za kwanza kwa vikokotoo na likaona jumla ikiyumba, safari hii juu na safari hii chini, jambo lililowafanya waulize kama itatulia. Huo ulikuwa mjadala wa dakika arobaini uliotokana na plastiki. Kijitabu hakikutoa hata mstari mmoja wa kuuongoza.

Matufe yenyewe hayakukosa dosari. Yote yana ukubwa sawa, wakati nusu kipenyo cha ioni ya sodiamu ni pikomita 102 na cha ioni ya kloridi ni 181, hivyo mwanafunzi hapati picha ya ioni ndogo zilizojipenyeza kati ya ioni kubwa. Kubwa zaidi ni vijiti. Mwanafunzi mmoja, wa kukaa nyuma na asiyesema sana, aliuangalia mchemraba akaniuliza: “Mwalimu, sodiamu imetoa elektroni moja tu, sasa vijiti sita vimetoka wapi?” Sijapata kuulizwa swali bora kuliko hilo katika mada hii. Aliyejifunza kwa michoro ya tabasamu anaamini kwamba kila sodiamu ina klorini yake iliyoipa elektroni, na kwamba kijiti kimoja kati ya vile sita ndicho “cha kweli”. Ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja. Mvutano wa umeme hauna upande unaoupendelea, hauulizi elektroni ilitoka kwa nani, na majirani sita wote wana haki sawa. Vijiti vipo kwa sababu matufe ya plastiki hayavutani. Sentensi moja ya namna hiyo ingetosha kuchapishwa chini ya mchoro.

Na zile rangi mbili, 14 kwa 13? Mwenye jicho kali atagundua kwamba mchemraba huo hauna ulinganifu wa chaji. Sababu ni kwamba tumekata kipande cha kitu kisicho na mwisho kwa kipimo cha ioni: tufe la kwenye pembe linagawanywa kwa michemraba minane, la kwenye ukingo kwa minne, la kwenye uso kwa miwili, na ukiifanya hesabu hiyo unapata ioni nne za kila aina. Hapo ndipo fomula NaCl inapopata maana yake halisi, kwamba ni uwiano wa moja kwa moja, wala haitaji jozi iliyojitenga ndani ya chumvi ngumu. Si ajabu wanafunzi wakikataa. William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence walipotumia eksirei mwaka 1913 kuonyesha kwamba katika chumvi hakuna molekuli za NaCl, wapo wanakemia waliokasirika, na hata mwaka 1927, miaka 12 baada ya Bragg wawili hao kupewa Tuzo ya Nobel, mkemia mkongwe Henry Armstrong alikuwa bado anaandika kuupinga kwa kejeli mpangilio huo wa ubao wa drafti.

Kadi za ioni nitazipitia haraka. Ioni chanya zina meno na ioni hasi zina mapengo, idadi ikiwa sawa na chaji, kwa hiyo kadi mbili za aluminiamu zenye meno matatu matatu hujaza sawasawa kadi tatu za oksidi zenye mapengo mawili mawili, na mwanafunzi anaandika Al₂O₃ bila kukariri. Kwa kuandika fomula hakuna njia ya haraka zaidi. Ila kadi zinarudisha kwa mlango wa nyuma dhana ya molekuli ambayo matufe yameifukuza, hivyo mimi huzitoa kwanza, nikazifungia, ndipo nikaleta matufe. Aidha, kijitabu kinatoa kanuni kwamba bondi ya ioni hutokea kati ya metali na simetali, ilhali ndani ya pakiti mna kadi ya amoniamu, NH₄⁺, ambayo pamoja na kloridi huunda kampaundi ya ioni isiyo na metali hata chembe. Kloridi ya aluminiamu nayo ni metali na simetali, lakini huvukizwa moja kwa moja kutoka hali ya ugumu kwenye nyuzi 180 hivi za Selsiasi, tabia isiyofanana na ya chumvi ya mezani. Kanuni hiyo ni nzuri ya kuanzia, na ilipaswa kuandikwa hivyo.

Sasa umeme. Kifaa cha kupimia ni rahisi na kinafanya kazi: tumbukiza ncha mbili katika maji yaliyokenekwa, taa haiwaki, ongeza sukari, haiwaki, osha, rudia kwa kloridi ya sodiamu, inawaka, gusa ncha hizo kwenye kipande kikavu cha chumvi ya mawe, inazima. Kloridi ya potasiamu na salfeti ya shaba hutoa jibu lilelile. Wanafunzi wanaona kwamba chaji peke yake haitoshi kupitisha umeme, ni lazima ziweze kusafiri, na katika fuwele kila ioni imefungiwa mahali pake na majirani zake. Hata jina ioni, lililoingizwa katika sayansi na Michael Faraday mwaka 1834, kwa Kigiriki lina maana ya kitu kinachokwenda.

Malalamiko yangu hapa ni mawili. La kwanza ni la ufundi: ncha za kifaa ni za chuma cha kawaida, na katika mmumunyo wa chumvi ile iliyounganishwa na upande chanya wa betri huliwa, hivyo baada ya dakika chache maji huchafuka kwa mashapo ya kijani kibichi yanayogeuka kahawia. Darasa zima likaandika kwamba “chumvi imeoza”. Nilibadilisha nikaweka risasi nene za penseli, ambazo ni grafiti, na maji yakabaki meupe. Lakini mwenye kufanya hivyo ajue kwamba upande chanya sasa utatoa klorini kidogo, ile harufu ya bwawa la kuogelea, kwa hiyo madirisha yawe wazi na taa isiachwe ikiwaka muda mrefu.

La pili ni zito zaidi. Kijitabu kinaandika kwamba umeme unapopita ndani ya mmumunyo ndipo chumvi inapogawanyika kuwa ioni. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiaminiwa enzi za Faraday, na aliyeyapindua ni Svante Arrhenius, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1884 ilipewa alama hafifu na wakubwa wake kule Uppsala kabla ya kazi hiyohiyo kumletea Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Ioni zimo ndani ya maji kabla betri haijaunganishwa. Kwa chumvi, zimo hata kabla ya maji. Na hili la mwisho sanduku haliwezi kulithibitisha, kwa kuwa jaribio la mmumunyo pekee halitoshi: kloridi ya hidrojeni ni gesi ya molekuli, haina ioni, lakini ikiingia majini hupitisha umeme vizuri kwa sababu maji ndiyo yanayozizalisha ioni hizo. Ushahidi unaoziba mwanya huo ni kuyeyusha chumvi kavu bila maji na kuona ikipitisha umeme, kama Humphry Davy alivyofanya mwaka 1807 alipoipata sodiamu kwa kupitisha umeme katika hidroksidi yake iliyoyeyushwa. Kloridi ya sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 801, na sitarajii mtu aweke tanuru ndani ya sanduku la wanafunzi. Bromidi ya risasi, inayotumiwa na wengi kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 370 hivi, ni sumu, na mtengenezaji amefanya vyema kuiacha. Lakini kuacha jaribio na kuacha hoja ni mambo mawili, na kijitabu kimeacha vyote.

Jaribio nililolipenda kupita yote halihitaji hata tone la maji. Ni kile kipande cha chumvi ya mawe. Weka ubapa wa kisu sambamba na upande wake, gonga kidogo kwa nyundo ndogo huku umevaa miwani ya kinga, nacho kinapasuka kwa uso laini unaong’aa kama kioo. Gonga tena kipande kilichopatikana, unapata pembe mraba nyingine, na nyingine, hadi vipande viwe vidogo kuliko punje ya mchele na bado vikiwa na umbo la kisanduku. Gonga kwa mshazari, na kinasagika ovyo. Baada ya kuona hivyo, rudi kwenye matufe, ondoa vijiti vya tabaka moja na ulisogeze tabaka hilo kwa hatua moja: kijani kinakaa juu ya kijani, kijivu juu ya kijivu, na mvutano uliokuwa umeshikilia tabaka mbili unageuka kuwa msukumo. Metali ikipigwa nyundo hubonyea kwa sababu elektroni zake huru hazijali atomi ipi imekaa juu ya ipi. Fuwele ya ioni haina uhuru huo, na ndiyo maana ni ngumu na papo hapo ni nyepesi kuvunjika. Hapa, kwa mara ya kwanza, kijitabu kinakubaliana na vifaa, na mchoro wake wa tabaka lililoteleza ni mzuri.

Jedwali la viwango vya kuyeyuka limechapishwa bila maelezo: kloridi ya potasiamu 770, kloridi ya sodiamu 801, oksidi ya magnesiamu 2,852. Namba ya tatu inapiga kelele kutaka kuelezwa, maana oksidi hiyo ina mpangilio uleule wa matufe 27. Tofauti ni kwamba kila ioni ina chaji mbili, hivyo zao la chaji ni nne badala ya moja, na umbali kati ya vitovu umepungua kutoka nanomita 0.282 hadi 0.21. Kani kubwa, umbali mdogo, na kwa hiyo oksidi hiyo hutumika kutandikia kuta za ndani za tanuri za kuyeyushia metali. Potasiamu, kwa upande wake, ina ioni kubwa kuliko sodiamu, umbali unaongezeka, na kiwango kinashuka kidogo. Chini ya jedwali imeandikwa kwamba kampaundi zote za ioni huyeyuka kwenye halijoto kubwa. Neno “zote” ningelifuta: mwaka 1914 Paul Walden alieleza chumvi ya nitreti ya ethilamoniamu inayoyeyuka karibu na nyuzi 12, kwa kuwa ioni yake chanya ni kubwa na umbo lake halipangiki vizuri.

Neno hilohilo linarudi katika ukurasa wa umumunyikaji, ambapo tunaambiwa kwamba kampaundi za ioni humumunyika katika maji. Mwanafunzi anachukua chupa ya kaboneti ya kalsiamu kutoka sanduku lilelile, anakoroga, anangoja, na unga unatua chini kama chokaa ya ukutani. Gramu 36 za kloridi ya sodiamu huingia katika mililita 100 za maji ya nyuzi 25, wakati kaboneti ya kalsiamu haifikii hata sehemu ya mia ya gramu. Maji huzivuta ioni kwa kuwa molekuli yake ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, na molekuli nyingi huizunguka kila ioni; lakini maji lazima yashindane na fuwele, na fuwele ya ioni zenye chaji mbilimbili mara nyingi hushinda. Kwa kloridi ya sodiamu mashindano hayo yanakaribia sare, kiasi kwamba maji hupoa kidogo tu chumvi inapomumunyika, na kinachoamua ni uhuru wa kutawanyika ambao ioni huupata majini. Chupa hiyo ya kaboneti naishukuru; sijui kama iliwekwa kwa makusudi, lakini imefundisha zaidi ya ukurasa uliopaswa kuieleza. Salfeti ya shaba nayo huwafanya wanafunzi wadhani kwamba chumvi za ioni zina rangi, hivyo ni vyema kuwaonyesha kwamba fuwele zake zikipashwa moto na kupoteza maji hugeuka nyeupe, na kwamba buluu ile ni ya ioni ya shaba iliyozungukwa na maji.

Ningelipendekeza sanduku hili kwa mwalimu anayejiamini katika mada, atakayeweza kufundisha kwa vifaa na kukiacha kijitabu kabatini. Kwa mwanafunzi anayejisomea bila mwalimu nasita, kwa sababu yeye ataanza ukurasa wa kwanza. Kwa matumizi yangu nimechapa kurasa nne za maelezo na kuzibandika juu ya sura ya kwanza, nimenunua kando matufe 14 makubwa zaidi ya kijani, na zile ncha za chuma nimezitupa. Nilimwandikia mtengenezaji kuhusu ncha hizo na kuhusu tabasamu za atomi. Kuhusu ncha alijibu kwamba toleo lijalo litakuja na grafiti. Kuhusu tabasamu alisema watoto wanazipenda.